Toleo la Kazi na Toleo la Majaribio: Programu Huria katika Mitaa ya Eastlands

Mhadhara uliotolewa Makadara, Nairobi, mbele ya walimu, mafundi wa kompyuta, wenye saiba na wakazi. Umechapishwa kama ulivyosemwa, isipokuwa pale ulipofupishwa.

  

Niliombwa nizungumze jambo la kompyuta litakalomfaa mtu wa Makadara, Buruburu, Umoja, Dandora au Kayole. Nimechagua jambo ambalo tumezoea kuwaachia wataalamu wa mbali. Kusudi langu ni kuwashawishi kwamba kila mahali panapotumika programu huria katika mitaa hii, iwe saiba, shule, zahanati au ofisi ya chama cha akiba, pawe na matoleo mawili yanayokwenda sambamba: toleo thabiti la kufanyia kazi, na pembeni yake toleo la majaribio linaloangaliwa na mtu anayejua anachotafuta. Sisemi tuache toleo thabiti. Nasema tusiishie hapo.

Niweke msingi kwanza, kwa faida ya wasio mafundi. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Firefox ni programu huria, LibreOffice vilevile, na Linux ndiyo mfano mkubwa kuliko yote. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, suala hili limebisha hodi kwenye milango yetu. Kompyuta za mitumba tunazonunua mjini, zile tunazoziita ex-UK, nyingi hazikubaliki na Windows 11. Mwenye saiba amebaki na njia tatu: anunue mashine mpya, abaki na mfumo usiopata viraka vya usalama, au aweke Linux. Wengi watachagua Linux kwa sababu ya mfuko tu, wala si vibaya.

Sasa, programu huria haitengenezwi ikakamilika ndipo ikatolewa. Inatengenezwa kila siku. Watu walio Berlin, Nairobi, Bangalore na kwingineko wanaingiza mabadiliko usiku na mchana. Kila baada ya muda fulani wanasimamisha mambo mapya, wanabaki kurekebisha kasoro peke yake, kisha wanatoa toleo. LibreOffice hutoa toleo kubwa Februari na Agosti. Ubuntu hutoa Aprili na Oktoba, na kila miaka miwili mojawapo ya matoleo ya Aprili huwa la muda mrefu, linalohudumiwa kwa miaka 5. Firefox hutoka kila baada ya wiki 4, na kabla ya kumfikia mtumiaji wa kawaida hupitia ngazi mbili, Nightly na Beta. Debian, mfumo wa Linux ambao Ubuntu imejengwa juu yake, ina toleo thabiti linalotoka takriban kila miaka miwili, ina toleo la kujaribiwa, na nyuma yake kuna sid, mahali mabadiliko mapya yanapotua kwanza. Kifurushi kikishatua sid hukaa siku kadhaa. Kisipoonekana na kasoro nzito, hupanda ngazi.

Angalieni neno hilo: kisipoonekana. Nani anayeona? Swali hilo ndilo lililonileta hapa.

Hoja ya kwanza: kazi ya watu ifanyiwe kwenye toleo thabiti

Naanza na hili kwa sababu kuna kijana hapa atatoka na shauku, aende moja kwa moja kuweka sid kwenye kompyuta za saiba ya mama yake. Usifanye hivyo, mwanangu.

Kila mwenye saiba anaijua wiki ya mwisho ya Juni. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za kodi ya mapato kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), nasi Wakenya tuna mazoea ya kungoja siku hiyo. Foleni inatoka mlangoni hadi kibanda cha chapati. Siku hiyo printa isipotambulika kwa sababu mfumo ulijisasisha usiku, huna la kumwambia mteja. Hajali kwamba kasoro imeripotiwa na itarekebishwa keshokutwa. Mafundi wa magari wa Kariobangi Light Industries hawajaribu breki mpya kwenye matatu iliyojaa abiria, nasi tuwe na adabu hiyohiyo.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana upesi, nayo inahusu data. Programu mpya mara nyingi hubadilisha namna inavyohifadhi mambo yake, na mabadiliko hayo huwa ya kwenda bila kurudi. Ukifungua mipangilio yako ya Firefox kwa Nightly, kisha ukataka kuifungua tena kwa Firefox ya kawaida, itakukatalia, kwa makusudi kabisa, ili isiharibu alamisho na nywila zako. Tangu toleo la 67 la mwaka 2019, Firefox imekuwa ikiipa kila usakinishaji wasifu wake yenyewe ili matoleo yasigombane. Hifadhidata ni hatari zaidi. Toleo jipya likishabadilisha majedwali, kurudi nyuma kunahitaji bekapu, na bekapu isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Sasa fikirieni zahanati. KenyaEMR, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vingi vya umma nchini, imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Takwimu za afya za kaunti zote hupitia DHIS2, programu huria kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Nani atathubutu kufanyia majaribio rekodi ya mama anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi? Waundaji wenyewe hawathubutu. DHIS2 ina seva za maonyesho zenye data ya mfano, na humo ndimo toleo la majaribio linamochezewa, mbali na mgonjwa yeyote.

Mpaka hapo, naona wengi mnakubali kwa kichwa. Ugumu unaanza sasa.

Hoja ya pili: kasoro zetu hazionwi na mtu mwingine

Mtu akinisikia nikisifu toleo thabiti hivyo, atasema: basi, mhadhara umekwisha, tukae na toleo thabiti, wenzetu wa ng'ambo wajaribu hayo mengine. Hapo ndipo tunapopotea.

Toleo thabiti ni thabiti kwa ajili ya yule aliyelijaribu. Kama waliolijaribu wote wana skrini kubwa, stima isiyokatika, intaneti isiyohesabiwa kwa bando, na wanatumia Kiingereza au Kijerumani, basi uthabiti wake umethibitishwa katika hali hizo tu. Kwetu linafika likiwa bado halijajaribiwa, ingawa jina lake ni thabiti.

Nichukue mfano mmoja na tuutazame kwa karibu. Kompyuta ndogo ya mitumba, ile ya kawaida kabisa, ina skrini ya nukta 1366 kwa 768. Mchoraji wa programu amekaa mbele ya skrini ya nukta 2560 kwa 1440. Anatengeneza dirisha jipya la mipangilio: anaongeza safu ya vitufe hapa, maelezo pale, nafasi ya kupumua katikati. Kwake linapendeza. Likifika kwenye mashine ya karani wa chama kule Umoja, sehemu ya chini ya dirisha inazama chini ya mwambaa wa kazi, na kitufe cha Sawa kiko hukohuko chini. Karani anabonyeza Enter kwa kubahatisha au anafunga dirisha na kuacha. Anadhani yeye ndiye hajui kompyuta. Kasoro hiyo ingeripotiwa wakati toleo likiwa bado la majaribio, mchoraji angeirekebisha alasiri moja. Ikishaingia kwenye toleo la muda mrefu, karani atakaa nayo miaka, kwa sababu toleo thabiti lina sheria kali: hairuhusiwi kugusa kitu kisicho cha lazima.

Sheria hiyohiyo inayotulinda katika hoja ya kwanza inatubana katika hii ya pili. Mlango wa mabadiliko unafungwa. Lazima useme kabla haujafungwa.

Kiswahili nacho kiko hapo. Mwezi Desemba 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa, na wale walioifanya wanatudai shukrani. Lakini tafsiri ya programu haimaliziki. Kila toleo jipya linaleta maneno mapya, menyu mpya, ujumbe mpya wa makosa. Miradi mingi huweka tarehe ambayo baada yake maneno ya Kiingereza hayabadilishwi tena, ili watafsiri wapate nafasi. Kuanzia siku hiyo hadi siku ya toleo ni wiki chache. Mtafsiri asiyeendesha toleo la majaribio anatafsiri orodha ya maneno bila kuona yanakaa wapi. Hajui kama neno ni kitufe au kichwa cha habari, kitenzi au nomino, na hajui kama neno lake refu la Kiswahili litakatwa katikati kwa kukosa nafasi. Aliye na toleo hilo mbele yake anaona papo hapo.

Wenzetu wa Eastleigh wamo katika hesabu hii pia. Mifumo ya Linux ina mpangilio wa lugha ya Kisomali kwa Kenya, na wa Kioromo kwa Kenya, mbali na ule wa Kiswahili chetu. Majina ya siku, miezi, namna ya kuandika shilingi, yote yamo. Yakikosewa, hakuna mtu wa Oslo atakayeyasahihisha.

Kuna faida ya kifundi katika kuripoti mapema, na vijana mnaosomea programu mtaipenda. Tuseme jana kipengele fulani kilifanya kazi na leo hakifanyi, na katikati yameingia mabadiliko 1,000. Mtafutaji hajaribu yote. Anajaribu la katikati: kama kasoro ipo, iko nusu ya kwanza; kama haipo, iko nusu ya pili. Anagawa tena, na tena. Kwa hatua 10 anafika kwenye badiliko lenyewe na jina la aliyeliingiza. LibreOffice wameandaa hazina nzima ya matoleo yaliyokwisha kujengwa kwa ajili ya utafutaji huu, kwa hiyo hata asiyejua kuandika msimbo anaweza kuufanya. Ukimpelekea mwandishi badiliko alilofanya wiki iliyopita, bado analikumbuka. Ukimpelekea baada ya miaka mitatu, huenda hata hayupo tena kwenye mradi.

Hoja ya tatu: macho ya ziada yamewahi kuiokoa dunia nzima

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu kisa hiki kinastahili kusimuliwa vizuri.

Ilikuwa Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia ni mmoja wa waundaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya kazi yake kwenye mashine yenye Debian sid. Akagundua jambo dogo. Kuingia kwa SSH, njia wanayotumia wasimamizi kuingia kwenye seva kutoka mbali, kulikuwa kunakula nguvu ya prosesa kupita kawaida, na kuchelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde! Angeweza kuendelea na shughuli zake. Badala yake alifuatilia uzi huo hatua kwa hatua mpaka akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana faili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Ndani ya matoleo ya xz 5.6.0 na 5.6.1 alikuta mlango wa siri uliofichwa kwa ustadi mkubwa, ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuendesha amri kwenye seva ya mtu mwingine.

Aliyeuweka alijiita Jia Tan. Alikuwa amejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili: akichangia marekebisho ya kweli na kumsaidia Lasse Collin, mtu aliyekuwa akiitunza xz kwa kujitolea, huku majina mengine yakimshinikiza Collin agawe madaraka. Mwishowe aliaminiwa, akapewa uwezo wa kutoa matoleo.

Freund alitangaza aliyoyaona tarehe 29 Machi 2024. Wakati huo matoleo hayo mabaya yalikuwa yameshaingia sid na toleo la kujaribiwa la Debian, na mifumo mingine ya Linux kama Fedora Rawhide, openSUSE Tumbleweed na Kali. Debian 12, toleo thabiti, ilikuwa bado na xz ya zamani, 5.4.1, nayo haikuguswa. Ubuntu 24.04, toleo la muda mrefu lililokuwa likingojwa Aprili hiyo, iliahirisha Beta yake kwa wiki moja ili vifurushi vijengwe upya kwa usalama.

Kisa hiki kinabeba hoja zangu mbili kwa pamoja. Waliokuwa na toleo thabiti walilala salama, na hiyo ni hoja ya kwanza. Lakini walilala salama kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeendesha toleo la majaribio, akaona kitu kisichokaa sawa, akakataa kukidharau. Kama kila mtu angengoja toleo thabiti, mlango ule ungeingia humo bila kupingwa, na baada ya hapo ungefika kwenye seva za benki, za wizara na za vyuo vikuu vyetu.

Kinachonisikitisha ni kimoja. Macho yaliyokuwa yakitazama yalikuwa machache mno. Programu inayotegemewa na dunia ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyechoka. Anayesema mchango wa fundi wa Donholm ni mdogo mno kuweza kusaidia, aeleze nusu sekunde ni kubwa kiasi gani.

Swali kutoka kwa mzee aliyekaa mbele limenifikia kwa karatasi: je, si hatari basi kuendesha toleo la majaribio? Ndiyo, mzee, ni hatari, na ndiyo maana mashine ya majaribio haipaswi kuwa na nywila ya M-Pesa ya biashara, hesabu za chama, wala vitambulisho vya wateja vilivyoskaniwa. Iwe mashine ambayo ikiharibika usiku wa leo, kesho unaifuta na kuanza upya bila machozi.

Hoja ya nne: vifaa tulivyo navyo vinatosha

Nimesikia mara nyingi kwamba mambo haya yanahitaji kompyuta kubwa. Hayahitaji.

Njia rahisi kabisa ni programu zinazokubali kukaa matoleo mawili kwenye mashine moja. Toleo la majaribio la LibreOffice linajiita LibreOfficeDev. Linajisakinisha mahali pake, lina ikoni yake na mipangilio yake, na halimgusi mwenzake thabiti. Mwalimu anaweza kuandika mitihani kwa LibreOffice, na jioni akafungua nakala ya mtihani huohuo kwa LibreOfficeDev kuona kama majedwali yamebaki mahali pake. Nimesema nakala. Faili halisi ibaki kwenye toleo thabiti. Firefox Nightly nayo inakaa bega kwa bega na Firefox ya kawaida. QGIS, programu ya ramani, ina toleo la muda mrefu, toleo jipya na toleo la majaribio, na kwenye Windows kisakinishi chake cha OSGeo4W kinaweza kuyaweka yote matatu.

Kwa vijana wa Mathare waliojifunza kuchora ramani za OpenStreetMap, JOSM mnaijua. Inatolewa kwa sura mbili: iliyojaribiwa, na ya karibuni kabisa, inayojengwa kila siku. Zote ni faili za Java unazoweza kuwa nazo katika folda moja. Ila ukitumia ile ya karibuni, ramani ya dunia isiwe uwanja wa mazoezi. OpenStreetMap ina seva ya majaribio kwa kazi hiyo.

Mfumo mzima wa Linux una njia zake. Unaweza kuuwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Unaweza kutenga sehemu ya diski na kuchagua mfumo wakati wa kuwasha. Kompyuta pepe ni njia safi zaidi, lakini sitawadanganya: kwenye mashine yenye RAM ya jigabaiti 4 mtateseka. Kwa mitaa yetu napendelea njia moja kuliko zote, nayo ni mashine kuukuu iliyokuwa ikikusanya vumbi juu ya kabati. Uzee wake ndio thamani yake. Kasoro inayojitokeza kwenye mashine ya mwaka 2012 ndiyo watu wa mbali hawaioni.

Bando ndilo tatizo la kweli. Toleo la majaribio hupata masasisho kila siku, na Debian sid inaweza kukuletea mamia ya megabaiti kwa wiki. Mwenye saiba yenye mashine kadhaa aweke programu iitwayo apt-cacher-ng kwenye mojawapo: kifurushi kinashuka mara moja kutoka kwenye mtandao, kisha mashine nyingine zinakichukua ndani kwa ndani. Wasio na saiba washirikiane. Mmoja ashushe na kupitisha kwa flashi. Na hakuna sheria inayokulazimisha kusasisha kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha kabisa kuona yanayotuhusu.

Baada ya kuona, uripoti. Ripoti nzuri haihitaji Kiingereza cha chuo kikuu. Inahitaji mambo manne: ulikuwa na toleo gani, ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitarajia nini, na nini kilitokea. Kwenye LibreOffice fungua Usaidizi, kisha Kuhusu. Utaona namba ya toleo na chini yake mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaotambulisha ujenzi wenyewe, na pembeni kuna kitufe cha kunakili vyote kwa mbofyo mmoja. Bandika hayo juu ya ripoti yako. Jaribu tena kwenye toleo thabiti lililo palepale kwenye mashine, kisha useme: huku kasoro ipo, kule haipo. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kurasa mbili za malalamiko, na ni mwenye matoleo mawili tu anayeweza kuiandika.

Hoja ya tano, fupi: kazi hii si ya wageni

Kuna fikra iliyojificha kwamba programu hutoka kwao na sisi hupokea. Historia yetu inaikanusha. Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliunda Ushahidi kwa siku chache ili raia waripoti ghasia kwa simu na ramani. Hawakuwa na anasa ya toleo thabiti, hali haikungoja. Miaka miwili baadaye, programu huria iliyozaliwa na maumivu ya Kenya ilikuwa ikitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Eldoret nayo nimekwisha kuitaja.

Wengine wataniuliza, tena wana haki: nani atanilipa kwa ripoti hizo? Mara nyingi hakuna. Sitaki kijana yeyote wa Kayole aondoke hapa akidhani nimemwahidi mshahara. Lakini Outreachy na Google Summer of Code hulipa posho kwa miezi kadhaa ya kazi kwenye miradi huria, na ulichokwisha kuchangia kwenye mradi husaidia katika kuchaguliwa. Ripoti zenye jina lako ziko hadharani kwa miaka. Mwajiri anaweza kuzisoma, jambo ambalo hawezi kulifanya kwa cheti.

Tuendako

Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Mwendo ukibaki uleule, inayofuata itatoka mwaka 2027, na miezi kadhaa kabla ya hapo mlango wa mabadiliko utaanza kufungwa hatua kwa hatua. LibreOffice itakuwa na matoleo yake ya Februari na Agosti kama kawaida, kila moja likitanguliwa na wiki za majaribio. Kalenda hizi zinatangazwa mapema. Tunaweza kuzipanga kama tunavyopanga kalenda ya shule.

Ombi langu kwa walimu walio hapa: tengeni kompyuta moja katika maabara ya shule, iandikwe kwa karatasi kubwa MAJARIBIO, na wanafunzi wawili wapewe jukumu la kuitumia na kuandika wanachokiona. Kwa wenye saiba: mashine za wateja zibaki na toleo thabiti, na wiki mbili za mwisho za Juni msizisasishe kwa jambo lolote lisilo la usalama. Kwa mafundi: tugawane programu, kila mtaa ushike moja. Buruburu wakishika LibreOffice, Dandora washike Firefox, Mathare wabaki na ramani zao, ili ripoti zisirudiwe na kila mradi uwazoee watu wake. Kwa viongozi wetu: mkinunua mfumo wa zahanati au wa shule, mwulizeni muuzaji seva ya majaribio iko wapi na nani anaiangalia. Akikosa jibu, msitie sahihi.

Mwenye mashine asiyoitumia nyumbani, hata kama ina RAM ya jigabaiti 2 na betri yake imekufa, na ailete Jumamosi ijayo, saa nane mchana, katika chumba hikihiki. Tutaiwekea toleo la majaribio pamoja na kumwonyesha namna ya kuandika ripoti ya kwanza. Baada ya maswali nitakuwa mlangoni na daftari. Niambieni mko mtaa gani, na ni programu gani moja mtakayoishika.